Mwongozo Kamili wa Kuotesha na Kutunza Yuka ya Nyanda Kuu Bila Kuiozesha Mizizi

Majira ya joto yanapokaribia, swali hurudi lilelile kutoka kwa wasomaji waliohamia majimbo ya Colorado, Nebraska na Kansas nchini Marekani: kwa nini yuka ya Nyanda Kuu, yaani nyanda kavu za nyasi za katikati ya Amerika Kaskazini, mmea unaostawi wenyewe juu ya vilima vya mchanga, mahali ambapo hakuna anayeumwagilia wala kuupalilia, hufa ndani ya miezi michache ukiletwa nyumbani na kutunzwa? Wengi huuchimba kando ya barabara, huupanda kwenye shimo lililojazwa mboji, huumwagilia kila jioni, na mwishowe huukuta umelainika katikati na kuanza kunuka.

Jibu ni kwamba mmea huo unaishi kwa mzizi wake, na karibu kila kosa linalofanyika hulenga mzizi: ama umekatwa, ama umezamishwa kwenye maji. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia sana majani. Utazungumzia mahali mzizi utakapopita, namna ya kuupata bila kuujeruhi, na wakati wa kuuacha peke yake, jambo ambalo naona ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea kulima mchicha na sukuma wiki.

## Hakikisha kwanza kwamba ni mmea wenyewe

Jina lake la kisayansi ni Yucca glauca, na humu nitauita yuka. Ni mmea wa nyanda kavu za nyasi zinazoanzia kusini mwa Alberta nchini Kanada, zikapita Montana, Wyoming, Nebraska, Colorado na Kansas, hadi Texas na New Mexico. Majani yake hubaki na rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu mwaka mzima, hata chini ya theluji. Ni membamba, upana wake kwa kawaida haufiki sentimita 1.5, na urefu ni kati ya sentimita 30 na 60. Kingo zake ni nyeupe na zina nyuzinyuzi zinazojikunja, na ncha yake ina uwezo wa kutoboa ngozi.

Kwenye vitalu vya biashara kuna yuka nyingine mbili zinazowachanganya wanunuzi. Yucca filamentosa, ambayo asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani, ina majani mapana zaidi na huvumilia unyevu kuliko hii yetu. Yucca elephantipes, ile yenye shina la mti inayopambiwa sebule na ofisi, haiwezi kulala nje katika majira ya baridi ya Nyanda Kuu, ilhali Yucca glauca hustahimili baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Soma jina la kisayansi kwenye kibandiko cha chungu kabla ya kulipa.

Lipo pia onyo linalohusu jikoni. Maduka mengi ya Marekani huuza muhogo kwa jina la "yuca", tofauti ikiwa ni herufi moja tu. Mzizi wa yuka si muhogo na haufai kupikwa. Una saponini nyingi, yaani kemikali zinazotoa povu, ndiyo maana wenyeji wa asili wa nyanda hizo wameutumia tangu zamani kuoshea nywele na nguo. Kemikali hizohizo huweza kumdhuru mbwa, paka au farasi akila sehemu za mmea, na ni sumu kwa samaki, kwa hiyo vipande vya mzizi visitupwe karibu na bwawa.

## Vifaa vinavyohitajika

Kusanya vitu hivi vyote kabla ya kuanza:

- Mbegu, au vipande vya mzizi, au mche ulionunuliwa kitaluni.
- Vyungu virefu na vyembamba, vyenye kina cha sentimita 30 au zaidi na matundu chini. Viriba virefu vya kuoteshea miche ya miti vinafaa vilevile.
- Mchanga wenye chembe kubwa, uliooshwa. Mchanga laini wa kuchezea watoto haufai, kwa sababu hushikana na kuziba njia za hewa.
- Changarawe ndogo yenye ukubwa wa milimita 6 hadi 10.
- Udongo wa kawaida wa vyungu, kiasi kidogo.
- Sululu, beleshi jembamba, kisu kikali, mkasi wa kupogolea, rula na ndoo.
- Glavu za ngozi, shati la mikono mirefu na miwani ya kukinga macho.

Miwani hiyo si mapambo. Unapoinama kupalilia, ncha za majani ziko usawa wa uso wako, na jicho likichomwa hakuna dawa ya nyumbani itakayosaidia.

Sikuweka mbolea katika orodha, wala samadi, na sikusahau. Yuka hii imezoea udongo maskini, na ukiirutubisha itatoa majani marefu, laini, yanayolala chini na kuoza kwa urahisi.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kutafuta mmea

Mahali panapofaa ni pale penye jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku, na mteremko kidogo ili maji ya mvua na ya theluji inayoyeyuka yaondoke. Upande wa kusini au magharibi wa nyumba ndio bora, kwa kuwa ndiko jua la majira ya baridi linakofika. Epuka chini ya mtaro wa paa, na epuka kabisa eneo linalofikiwa na vinyunyizio vya kumwagilia nyasi.

Acha nafasi ya sentimita 90 kati ya mmea na njia ya kupita, na mita 1 kati ya mmea mmoja na mwingine. Usipande karibu na mlango, ngazi au mahali watoto wanapochezea.

Amua kwa uangalifu, kwa maana hutapata nafasi ya kubadili mawazo. Mzizi wa yuka iliyokomaa huweza kushuka mita kadhaa ardhini na mingine kutambaa pembeni mbali na mmea, na kila kipande kinachobaki ardhini baada ya kuchimba kinaweza kuchipua upya. Kuuhamisha mmea wa miaka mingi ni kuuua mmoja na kujiletea mingine mitano usiyoitaka.

Tahadhari: Ukiwa Marekani, piga simu namba 811 siku chache kabla ya kuchimba. Wahusika watakuja kuweka alama za mahali panapopita mabomba ya gesi na nyaya, na huduma hiyo ni bure kwa mwenye nyumba.

## Hatua ya 2: Pima jinsi ardhi inavyopitisha maji

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayoamua kama mmea utaishi. Chimba shimo lenye kina na upana wa sentimita 30. Lijaze maji, uyaache yazame yote, kisha ulijaze mara ya pili. Simamisha rula ndani na uandike maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa moja.

Maji yakishuka sentimita 5 au zaidi kwa saa, ardhi hiyo inafaa kama ilivyo. Yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 5, mmea utaishi ukipandwa juu ya kituta kidogo. Yakishuka chini ya hapo, au ukiyakuta bado yamo kesho yake asubuhi, usipande kwenye usawa wa ardhi hiyo hata kidogo.

Sehemu kubwa ya miji iliyo chini ya Milima ya Rocky, Denver ikiwamo, imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Wengi wakisikia hivyo huchimba shimo kubwa na kulijaza mchanga, wakidhani wamelimaliza tatizo. Kwa kweli wamelitengeneza: maji huingia haraka kwenye mchanga uliolegea, hufika kwenye kuta za mfinyanzi, hukosa pa kwenda, na mzizi hubaki umesimama ndani ya birika lililofukiwa. Mvua ya mawe moja ya mwezi Juni hutosha kulijaza.

Dawa yake ni kwenda juu, si chini. Jenga tuta lenye kimo cha sentimita 30 hadi 45 na upana wa mita 1.5, kwa kuchanganya udongo wa hapohapo na changarawe kwa viwango sawa. Kwanza legeza kwa sululu ardhi iliyo chini ya tuta ili pasiwe na mpaka mkali kati ya tabaka mbili. Mizizi itakaa pakavu wakati wa mvua, na baadaye itapenya mfinyanzi yenyewe kwa kasi inayoitaka.

Dalili ya kufanikiwa: Baada ya mvua kubwa, sehemu ya juu ya tuta inakauka ndani ya siku moja, na ukichimbua kwa kidole hukuti tope.

## Hatua ya 3: Pata mbegu au mzizi kwa njia halali

Usichimbe yuka porini. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: maeneo kama Pawnee National Grassland, kaskazini mashariki mwa Colorado, ni ardhi ya umma, na kung'oa mimea humo bila kibali ni kosa. Kanada mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa yuka ya Alberta ipo mahali pachache sana na nondo anayeichavusha ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Sababu ya pili ni kwamba jitihada hiyo ni bure. Unachokitoa ardhini ni kichwa cha mmea na kipande kifupi cha mzizi. Kilichokuwa kikiuwezesha kustahimili ukame kimebaki chini. Majani yataendelea kuonekana mazima kwa wiki kadhaa, kwa kutumia akiba ya maji iliyo ndani yake, na ndiyo maana watu hudhani mmea umeshika.

Mbegu ndiyo njia ninayoipendekeza. Mpe taarifa mwenye shamba au jirani mwenye yuka, umwombe ruhusa ya kuchuma matunda machache kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, yanapokuwa yamekauka na kuwa ya kahawia na ncha zake zimeanza kupasuka. Wauzaji wa mbegu za mimea asilia ya nyanda hizo pia huziuza.

Pasua tunda moja juu ya karatasi nyeupe. Ndani utaona vyumba vitatu, na katika kila chumba safu mbili za mbegu bapa zilizobanana mithili ya sarafu zilizopangwa kwenye bomba. Si zote zinafaa. Nyingine ni nyeupe au za rangi ya maziwa, nyembamba kama karatasi ya sigara. Hizo hazikurutubishwa na hazitaota kamwe. Nyingine utazikuta zimetobolewa katikati kwa mstari mmoja unaopita kutoka mbegu hadi mbegu, na huenda kiwavi mdogo wa rangi ya waridi akawa bado yumo mwishoni mwa njia yake.

Usimlaani kiwavi huyo. Mama yake, nondo mweupe aitwaye Tegeticula yuccasella, ndiye aliyekusanya chavua kutoka ua moja, akaibeba chini ya kichwa, akataga mayai ndani ya ua jingine na kuisukumiza chavua hiyo mahali pake. Bila yeye tunda lisingekuwapo, na kiwavi hula sehemu tu ya mbegu kama ujira. Chagua zilizo nyeusi, ngumu na zisizo na tundu, uziweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuleta ukungu.

## Hatua ya 4: Otesha mbegu

Anza mwezi Februari au Machi ndani ya nyumba, ili mche upate majira yote ya joto ya kukua.

1. Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu kwa saa 24. Maji hayo hulainisha ganda na kuharakisha uotaji.
2. Changanya sehemu mbili za mchanga mkubwa na sehemu moja ya udongo wa vyungu. Jaza vyungu virefu, mwagilia, na uache maji yachuruzike yaishe.
3. Weka mbegu mbili katika kila chungu, kwenye kina cha sentimita 1, kisha tandaza juu tabaka jembamba la changarawe. Tabaka hilo huifanya shingo ya mche, yaani mahali majani yanapokutana na mzizi, ibaki kavu.
4. Weka vyungu mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 25 na mwanga mwingi.

Miche ya kwanza huweza kuonekana baada ya wiki mbili, lakini mbegu za mfuko mmoja haziamki pamoja, na nyingine huchukua wiki sita au zaidi. Usitupe chungu mapema. Ikiwa umengoja miezi miwili na hakuna kitu, funga chungu kwenye mfuko na ukiweke kwenye jokofu, si kwenye friza, kwa wiki sita, kisha ukirudishe kwenye joto. Baadhi ya mbegu huamshwa na baridi hiyo.

Tahadhari: Jani la kwanza ni uzi mmoja wa kijani, na mtu asiyelijua hulidhania kuwa jani la nyasi, akaling'oa. Mara nyingi ganda jeusi la mbegu huwa bado limening'inia kwenye ncha yake. Usilivute, kwa kuwa mche ungali unanyonya chakula kilichomo, litaanguka lenyewe.

Adui wa kipindi hiki ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata mche kwenye usawa wa udongo. Hauna tiba mche ukishalala. Kinga yake ni kumwagilia asubuhi badala ya jioni, kuacha hewa ipite, na kungoja hadi sentimita 3 za juu za udongo zikauke kabla ya kumwagilia tena.

### Ikiwa una kipande cha mzizi badala ya mbegu

Njia hii hufaa pale jirani anapopunguza yuka zake. Mwezi Machi au Aprili, kabla ya majani mapya kutoka, omba vipande vya mzizi mnene, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 8 hadi 10 na unene usiopungua kidole. Vikate kwa kisu safi na uviache kivulini kwa siku tatu hadi saba, mpaka mahali palipokatwa pafanye ngozi kavu. Ukivipanda vikiwa vibichi, vitaoza.

Vilaze kwenye mchanganyiko uleule wa mchanga, kwenye kina cha sentimita 5, na uhifadhi unyevu mdogo tu. Chipukizi litachukua wiki kadhaa na pengine miezi. Mimea ya njia hii hutoa maua mapema kuliko ya mbegu, ila yote inayotoka kwenye mzizi mmoja ni mmea uleule, jambo litakaloleta taabu katika hatua ya mwisho.

## Hatua ya 5: Lea mche ndani ya chungu

Mche wa yuka humkatisha tamaa mtu mwenye haraka. Mwaka wa kwanza unaweza kuisha ukiwa na majani machache tu yasiyofika urefu wa kiganja. Wakati huohuo mzizi wake unashuka, na mara nyingi hufika chini ya chungu majani yakiwa bado ni manne. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia chungu kirefu: kwenye kopo fupi mzizi mkuu hujiviringa chini, na mzizi uliojiviringa hauwezi kunyooka tena ukishapandwa.

Baridi ikiisha, toa vyungu nje taratibu, saa chache kwa siku kwa muda wa wiki moja au mbili, la sivyo jua la Colorado, ambalo kwenye mwinuko wa mita 1,600 ni kali kuliko linavyoonekana, litababua majani. Mbegu zote mbili zikiwa zimeota katika chungu kimoja, kata mche dhaifu kwa mkasi. Ukiung'oa utasumbua mzizi wa mwenzake.

Dalili ya kufanikiwa: Majani ni magumu yakiguswa, yanasimama yenyewe, na ncha nyeupe ya mzizi inaonekana kwenye matundu ya chini. Hapo mche uko tayari.

## Hatua ya 6: Pandikiza

Pandikiza kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni, baada ya hatari ya jalidi kupita. Mche uliopandikizwa mwezi Oktoba hauna muda wa kushika kabla ardhi haijaganda, na barafu huweza kuusukuma juu ukabaki mizizi ikiwa nje.

1. Chimba shimo lenye kina sawa na cha chungu na upana mara mbili yake. Shimo likiwa refu kupita kiasi, udongo uliolegea utatitia na kuiacha shingo ya mmea ndani ya kibonde cha maji.
2. Mwagilia chungu siku moja kabla. Kata chungu cha plastiki ubavuni na uutoe mche pamoja na udongo wake wote. Usiuvute kwa majani, na usiukung'ute mzizi.
3. Uweke ili shingo iwe juu ya usawa wa ardhi kwa sentimita 2 hadi 3.
4. Rudisha udongo uleule uliouchimba, bila mboji wala samadi. Ushindilie kwa mikono, si kwa kisigino.
5. Mwagilia mara moja hadi maji yashuke, kisha tandaza changarawe yenye unene wa sentimita 5 kuzunguka mmea.

Matandazo ya vipande vya miti, ambayo wauzaji wengi huyapendekeza kwa kila kitu, hayafai hapa. Yanashikilia unyevu pembeni mwa shingo, na shingo yenye unyevu ndiyo mlango wa uozo.

Ukitaka kupanda kitu kando yake, chagua nyasi za nyanda hizohizo, kama Bouteloua gracilis, ambazo mahitaji yake ya maji yanalingana na ya yuka. Kupanda yuka katikati ya maua yanayohitaji maji kila siku kutaharibu kimoja kati ya viwili hivyo, na si vigumu kubashiri kitakachoharibika.

## Hatua ya 7: Mwagilia, kisha jifunze kuacha

Katika mwezi wa kwanza, mwagilia kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa wingi na polepole, ili maji yafike sentimita 30 chini. Kuanzia mwezi wa pili hadi Septemba, kila baada ya wiki mbili au tatu hutosha, na mvua nzuri ikinyesha hesabu kwamba zamu hiyo imekwisha. Kuanzia Oktoba, acha kabisa.

Kumwagilia kidogo kila siku ni kibaya kuliko kutomwagilia. Maji yanayolowesha juu tu huufundisha mzizi kukaa juu, na mzizi uliokaa juu huchomwa na kiangazi cha kwanza utakapokosa nafasi ya kumwagilia.

Mwaka wa pili, mwagilia mara moja kwa mwezi iwapo hakuna mvua. Mwaka wa tatu, weka bomba chini. Denver hupata mvua na theluji ya kiasi cha milimita 350 hadi 400 kwa mwaka, na yuka iliyoshika haihitaji zaidi ya hapo. Wala usiifunike wakati wa baridi. Mifuko na magunia huhifadhi unyevu ambao baridi peke yake isingeuleta.

## Hatua ya 8: Tofautisha kiu na uozo

Dalili hizi mbili hufanana kwa mbali, na tiba ya moja ndiyo sumu ya nyingine. Kwa hiyo usishike bomba kabla hujafanya kipimo hiki: vaa glavu, shika jani moja la katikati kabisa, ulivute polepole.

Likikataa kutoka na mmea mzima ukatikisika, shingo ni nzima. Majani yaliyokunjamana na yenye ncha za kahawia huonyesha kiu, na kumwagilia mara moja kwa wingi kutatosha. Likitoka bila upinzani, huku sehemu yake ya chini ikiwa ya kahawia, laini na yenye harufu mbaya, huo ni uozo. Acha maji yote, ondoa changarawe, fukua udongo unaozunguka shingo ili jua lifike, na ukate sehemu yote iliyolainika hadi ufike kwenye nyama nyeupe na ngumu. Kichwa huenda kikafa, lakini mzizi ukiwa mzima utatoa machipukizi pembeni mwaka unaofuata, kwa hiyo usifukue kila kitu kwa hasira.

Majani ya chini yanayokauka moja baada ya jingine si ugonjwa. Ni uzee. Vidukari kwenye shina la maua huondolewa kwa mkondo wa maji asubuhi, na dawa za kuua wadudu zisipuliziwe kamwe wakati wa maua, kwa sababu nondo anayehitajika atakufa pamoja nao.

## Hatua ya 9: Maua, na mbegu zako mwenyewe

Mmea uliooteshwa kwa mbegu huhitaji kwa kawaida miaka 5 au zaidi kabla ya kutoa shina la maua. Shina hilo huchomoza kati ya Mei na Julai, hufika mita 1 au zaidi, na hubeba maua meupe yenye ukijani yanayoinamia chini na kufunguka zaidi usiku. Baada ya kuzaa, kichwa kilichotoa shina hudhoofika na kufa pole pole, na machipukizi ya pembeni huchukua nafasi yake. Wasomaji kadhaa wameng'oa mmea mzima wakidhani umekufa. Kata kichwa kilichokauka tu.

Maua yakidondoka yote bila kuacha tunda, maana yake nondo hakufika, au yuka zako zote ni vipande vya mzizi mmoja na hivyo haziwezi kuchavushana. Unaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Jioni, baada ya maua kufunguka, chukua chavua inayonata kwa brashi ndogo kutoka ua la mmea mmoja, uende kwa mmea wa ukoo mwingine, na uisukume ndani ya kishimo kilicho kwenye ncha ya kati ya ua. Rudia usiku mbili au tatu kwa maua mapya. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliofanikiwa kukuza yuka hii katika maeneo ya juu yenye baridi na ukavu hawana njia nyingine, kwa kuwa nondo wa yuka hawapo nje ya bara la Amerika. Na kwa wale wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, siishauri kabisa, kwani unyevu wa huko utaiozesha kabla ya kufika maua.

Matunda yakishika, yaache yakauke juu ya shina hadi Septemba, na usiyachume yote. Viwavi waliokua hutoboa ganda la tunda, hushuka hadi ardhini na kukaa humo hadi msimu wa maua unaofuata. Kwa sababu hiyo, kuanzia Agosti usilime wala kuparua udongo ulio chini ya mmea. Magugu yaliyoota hapo yakate kwa mkasi kwenye usawa wa ardhi.